Uhuru wa sayari ya Solos: Doctor Who ya mwaka 1972 na mkoloni asiyetaka kuondoka

Kuna kisa kimoja cha Doctor Who ambacho mashabiki wengi wa Uingereza hukiweka karibu na mkia kila wanapopanga orodha zao. Kinaitwa The Mutants. Ni kirefu, sehemu sita, karibu saa mbili na nusu ukiunganisha. Mandhari yake ni ya mbao na rangi, baadhi ya waigizaji wanaongea kama wanasoma tangazo la msiba, na katikati pale unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi usijue kama umepitwa na kitu. Hata hivyo nakipendekeza kwa yeyote katika nyie anayependa historia. Ni kisa cha nchi inayosubiri uhuru, na kimetungwa na watu waliokuwa upande wa wale wanaofunga mizigo.

Kwa wasioijua Doctor Who, maelezo mafupi. Ni mfululizo wa televisheni wa BBC ulioanza tarehe 23 Novemba 1963. Mhusika mkuu anaitwa Daktari tu, msafiri asiye binadamu anayezunguka katika wakati na anga ndani ya chombo kinachofanana na kibanda cha simu cha polisi wa London. Akikaribia kufa mwili wake hubadilika, na hiyo ndiyo hila iliyowawezesha BBC kubadilisha waigizaji kila walipochoka au kuugua. Mwaka 1972 Daktari alikuwa Jon Pertwee, wa tatu katika foleni hiyo, mrefu, mwenye nywele nyeupe na makoti ya mahameli. Msaidizi wake alikuwa binti Jo Grant, aliyechezwa na Katy Manning.

Tazama hiyo tarehe tena. Novemba 23, 1963. Siku 17 baadaye Zanzibar ikapata uhuru wake wa tarehe 10 Desemba (ule ambao Mapinduzi yaliufuta baada ya mwezi mmoja), na tarehe 12 Kenya nayo ikapandisha bendera. Kwa hiyo kipindi hiki ni rika la uhuru wetu. Kilizaliwa katika nchi iliyokuwa inashusha bendera zake kila baada ya miezi michache, na watoto waliokaa mbele ya televisheni Jumamosi jioni walikuwa wakisikia habari hizo wazazi wao wakibadilisha stesheni.

Sasa kisa chenyewe.

Tuko karne ya 30. Dunia imejenga milki kubwa angani, na milki hiyo inakufa. Solos ni moja ya makoloni ya mwisho. Binadamu wanaitwa Overlords, yaani mabwana wakuu, na wanaitawala kutoka kituo kinachoelea juu yake, Skybase. Hawaishi chini kwa sababu hewa ya Solos huwadhuru mchana, wanashuka na vinyago vya oksijeni. Wenyeji nao wameanza kupatwa na mabadiliko ya ajabu: mgongo unatoa magamba, mikono inageuka makucha, mwisho mtu anakuwa kama mdudu mkubwa. Mabwana wanawaita hao Mutts. Kwa Kiingereza mutt ni mbwa koko pia, kwa hiyo tusi limefika bila kuhitaji tafsiri. Wanawawinda kwa bunduki, na kisa kinaanza hivyo hasa, mzee mmoja anakimbizwa katika ukungu na kuuawa kama ngiri.

Msimamizi mkuu, Administrator, anafika kutoka Duniani kuwatangazia wenyeji kwamba watapewa uhuru. Mkuu wa kituo, Marshal, hataki kusikia. Kwake uhuru wa Solos maana yake ni kupoteza cheo na kurudi kuwa si mtu. Anapanga njama na chifu mmoja wa wenyeji, Varan, na mtoto wa Varan anamuua Administrator kabla hajalitamka neno lenyewe. Lawama anatupiwa Ky, kijana mwanasiasa mwenye msimamo mkali. Daktari anaingia hapo akiwa na kisanduku alichotumwa kukifikisha kwa mtu fulani. Kisanduku hakifunguki kwa mwingine, na mwenyewe anageuka kuwa ni huyu huyu Ky.

Sehemu ya kwanza ilionyeshwa Jumamosi tarehe 8 Aprili 1972. Sisi tunaijua wikiendi ile kwa sababu nyingine. Jioni ya Ijumaa, tarehe 7, Mzee Abeid Amani Karume alipigwa risasi na kufa Zanzibar. Ni sadfa tupu, wala sitaki mtu aanze kutafuta mkono wa siri. Nimeitaja ili tukumbuke kwamba kiongozi kuuawa kwa risasi katika nchi changa halikuwa jambo la karne ya 30.

Waandishi walikuwa wawili, Bob Baker na Dave Martin, jamaa wa Bristol. Baadaye ndio waliomuumba K9, yule mbwa wa chuma aliyetokea mwaka 1977, na Baker akaja kushiriki kuandika The Wrong Trousers ya Wallace na Gromit. Wapenda vichekesho hawa, basi, lakini hapa wamekaza uso. Mwongozaji ni Christopher Barry, ambaye pia alikuwa mmoja wa walioongoza kisa cha kwanza cha Daleks miaka zaidi ya minane nyuma.

Nianze na walichokipatia, kwa sababu walipatia zaidi ya wanavyosifiwa.

Kwanza, sababu ya uhuru. Administrator (Geoffrey Palmer, yumo kwa dakika chache tu lakini ndiye mwigizaji bora humo ndani) hasemi kwamba wenyeji wamekomaa, wala kwamba kazi ya kuwastaarabisha imekamilika. Anasema kwa uchovu kwamba Dunia imefilisika, haina tena uwezo wa kutunza milki. Basi. Nimesoma hotuba nyingi za kukabidhi uhuru na nyingi zina maneno matamu ya baba anayemruhusu mwana aanze maisha. Hapa BBC ya mwaka 1972, katika kipindi cha watoto, inasema tunaondoka kwa sababu mfuko umetoboka. Na mfuko ulikuwa umetoboka kweli. Novemba 1967 paundi ilishushwa thamani. Mwezi huo huo majeshi ya Uingereza yaliondoka Aden. Januari 1968 serikali ya Harold Wilson ikatangaza kwamba vikosi vitaondolewa mashariki ya Suez, na kufikia Desemba 1971 Waingereza walikuwa wameshaaga Ghuba ya Uajemi, zikazaliwa Falme za Kiarabu. Kisa kikaonyeshwa miezi minne baadaye. Waandishi hawakuhitaji kwenda mbali kutafuta.

Pili, majina. Marshal ni Marshal, Administrator ni Administrator, na anapokuja mchunguzi kutoka Duniani anaitwa Investigator. Vyeo vitatu, hakuna jina hata moja. Sijui kama ilikusudiwa, lakini mtu yeyote aliyelelewa na babu wa enzi zile atatabasamu. Kwa mwananchi wa kawaida mkoloni alikuwa Bwana DC, na Bwana DC akihamishwa alikuja Bwana DC mwingine.

Tatu, ubaguzi. Katika Skybase mashine ya kusafirisha watu kati ya kituo na sayari ina upande wa mabwana na upande wa wenyeji. Hakuna anayetoa hotuba kuhusu hilo. Limekaa tu ukutani, kama ambavyo Nairobi na Dar es Salaam za kikoloni zilivyokuwa na hospitali na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila mtu akijua mlango wake. Mwaka 1972 hali hiyo ilikuwa sheria kamili Afrika Kusini, na Waingereza walikuwa wakiliona jambo hilo kwenye taarifa ya habari kila wiki.

Halafu kuna Jaeger, mwanasayansi wa Marshal, na hapa ndipo mimi Mtanzania nilikaa sawasawa. Mpango wa Marshal ni kubadilisha hewa yote ya Solos iwafae binadamu. Wenyeji watakufa? Hilo si lake. Jaeger anarusha roketi zake, na badala ya kuitengeneza hewa anaiunguza ardhi. Waandishi pengine walikuwa wanawaza mabomu ya nyuklia au dawa za kilimo. Mimi niliwaza Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza waliamua kulima karanga Tanganyika kwa kiwango ambacho hakijawahi kuonekana, zaidi ya ekari milioni tatu zilikusudiwa, ili kupata mafuta ya kula kwa watu wao waliokuwa bado kwenye mgawo baada ya vita. Walileta matrekta, wakaleta hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu ikagoma. Mvua ikagoma. Udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga zilizoota hazikung'oleka. Wagogo wangeweza kuwaambia habari za mvua ya pale bure, bila kamati. Mpango ulifutwa Januari 1951 baada ya kumeza karibu paundi milioni 36, na kipande kikubwa cha ardhi kikabaki uchi. Jaeger ni mtaalamu wa Kongwa mwenye roketi. Ana hesabu zote mkononi isipokuwa habari ya mahali alipo.

(Kwa faida ya wanaopenda vituko vya historia: Kongwa hiyo hiyo, kuanzia mwaka 1964, ndiyo iliyokuja kuwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini, FRELIMO, ANC, SWAPO na wenzao. Mkoloni alishindwa kuotesha karanga hapo, wenyewe wakaotesha kitu kingine.)

Na siri ya Solos yenyewe nzuri sana. Mwaka mmoja wa sayari hiyo ni sawa na miaka 2000 ya Dunia, kila msimu miaka 500. Mabadiliko ya wenyeji si ugonjwa hata kidogo. Ni hatua ya maisha yao, kama kiwavi anavyopitia buu kabla ya kipepeo, na hutokea msimu unapobadilika. Mabwana wamekuwepo kwa miaka 500, yaani msimu mmoja, na katika muda huo mila na maandishi yaliyowaeleza wenyeji jambo hilo yamepotea. Kwa hiyo wenyeji wenyewe wanawaogopa na kuwaua ndugu zao wanaobadilika. Hapo nilisimamisha picha nikarudisha nyuma. Msimu mmoja tu wa kutawaliwa, na watu wanajitazama kwa macho ya Marshal na kuona ugonjwa. Nimesoma makala ndefu za chuo kikuu zilizosema hivyo kwa kurasa 40 na sikuelewa vizuri kama nilivyoelewa kwa mdudu wa mpira.

Mdudu huyo, nisije nikasahau, ni kazi ya James Acheson, mbunifu wa mavazi aliyekuwa anafanya Doctor Who kwa mara ya kwanza. Alikuja kupata Oscar tatu, ya kwanza kwa The Last Emperor. Vazi lake la Mutt liliwafaa BBC kiasi kwamba lilitokea tena mwaka 1976 katika The Brain of Morbius. Pango walipigia picha Chislehurst huko Kent, na muziki ni wa Tristram Cary, mmoja wa waanzilishi wa muziki wa mitambo ya umeme Uingereza. Kuna watakaoupenda. Mimi kwenye sehemu ya tatu niliupunguza sauti.

Sasa tufike kwenye matatizo, na matatizo yapo.

Urefu ni la kwanza, nimeshalisema. Watu wanakamatwa, wanatoroka, wanakamatwa. Ukiitazama nusu saa kwa wiki kama watoto wa 1972 inavumilika, ukiiangalia yote kwa mkupuo unaona ramani ya mzunguko. Marshal naye, Paul Whitsun-Jones, anaanza vizuri kama afisa mwenye kinyongo, akifika sehemu ya sita ni kichaa wa kwenye katuni anayepiga kelele. Ni hasara, maana Marshal mtulivu anatisha zaidi. Ian Smith hakuwa akipiga kelele.

La pili ni kubwa zaidi. Hiki ni kisa kuhusu ubaguzi wa rangi, na Wasolos wote waliopewa maneno ya kusema ni Wazungu. Ky ni Garrick Hagon, ambaye baadaye mtamwona katika Star Wars ya kwanza akiwa Biggs, rafiki yake Luke. Varan ni Mwingereza mwenye misuli. Mtu mweusi ni mmoja tu katika wahusika wenye uzito, naye yuko upande wa mabwana: Cotton, mlinzi wa Skybase, aliyechezwa na Rick James.

Rick James ametukanwa na mashabiki kwa miaka 50. Sehemu ya nne inaisha ukuta wa kituo ukiwa umetoboka na watu wakivutwa kwenda nje angani, na yeye ndiye anayepewa sentensi ya mwisho, kwamba sote tumekwisha. Anaitamka kama mtu anayeuliza basi la Mbagala limeshapita. Sibishi, ni vibaya. Lakini sikilizeni maneno anayopewa kisa kizima. Ni ya mlinzi yeyote wa London. Sikumbuki mahali hata pamoja ambapo kisa kinakumbuka kwamba mtu huyu ni mweusi, amevaa sare ya mabwana, katika kituo chenye milango miwili. Wenzake hawamwambii kitu, Ky hamwambii kitu, naye hajiulizi.

Na sisi tunamjua Cotton! Ni askari wa King's African Rifles. Ni yule aliyepigana Burma kwa ajili ya mfalme, akarudi akalinda mlango ambao yeye mwenyewe haruhusiwi kuupita. Katika karatasi za kisa Cotton anafanya jambo zito kuliko Daktari. Yeye na mwenzake Stubbs wanaanza kwa kutii, wanaona mauaji, wanaanza kusaidia kidogo kidogo kwa siri, mwishowe wanageuza bunduki. Stubbs anakufa. Cotton anabaki hai na anabakia na Wasolos mwisho wa kisa. Huyo ndiye mhusika mwenye safari ya kweli, na waandishi hawakujua kwamba wamemuandika. Ni kama mwongozaji alitupa mlangoni kwao zawadi na hakuna aliyetoka kuiokota. Mwigizaji akaachwa peke yake na sentensi za mtu mwingine, kisha akalaumiwa kwa kutozikamata.

Kwa kulinganisha, mwaka 1966 katika The Tenth Planet mwigizaji wa Bermuda Earl Cameron alicheza rubani wa chombo cha anga, kwa heshima na bila mbwembwe. Mwaka uliofuata kipindi kilirudi kwenye lile bubu kubwa lenye nguvu, Toberman katika The Tomb of the Cybermen. Njia haikuwa imenyooka.

Varan na Ky wanatuhusu pia. Varan ni chifu anayetawala kwa niaba ya mabwana, anapata cheo na mavazi, na siku anayotupwa anagundua kwamba hakuwahi kuwa mshirika. Ky ni kijana wa mikutano ya hadhara. Tanganyika tulikuwa na mgongano huo, kati ya utawala wa machifu alioupanga Gavana Donald Cameron miaka ya 1920 na vijana wa TANU, na mwaka 1963 serikali huru ikafuta uchifu kisheria. Kisa kinamtendea haki Varan kuliko nilivyotarajia. Ni mjinga wa kiburi, lakini anapoona mkono wake mwenyewe umeanza kubadilika, anauficha, na uso wake katika sekunde hizo ni mzuri.

Wanawake? Hakuna. Jo Grant ndiye mwanamke pekee anayeongea katika sehemu zote sita. Sayari nzima haina mama. Sisi ambao habari za TANU haziwezi kusimuliwa bila Bibi Titi Mohamed tunabaki kujiuliza hao Wasolos wanazaliwaje, hata kabla ya kugeuka wadudu.

Lakini kasoro inayonisumbua kuliko zote ni nyingine, na ili kuieleza lazima niende Rhodesia.

Novemba 1971, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Sir Alec Douglas-Home, alisaini makubaliano na Ian Smith huko Salisbury. Smith alikuwa amejitangazia uhuru wa walowezi tangu Novemba 1965. Makubaliano yangeupa utawala wake uhalali, na Waafrika wangefikia wingi bungeni baada ya miaka ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuitaja. Uingereza ikaweka sharti moja: wananchi wote, Waafrika wakiwemo, waulizwe kama wanakubali. Ikaundwa tume chini ya Lord Pearce. Ilizunguka vijijini na mijini kuanzia Januari hadi Machi 1972. Wengi London na Salisbury walidhani ni utaratibu tu, machifu wataitikia ndiyo na mambo yatakwisha. Waafrika wakaunda African National Council chini ya Askofu Abel Muzorewa, wakajipanga, na tume kila ilipofika ikakuta umati unasema hapana. Serikali ya Smith ikawaweka watu kizuizini, hata waziri mkuu wa zamani Garfield Todd na binti yake Judith. Jibu likabaki hapana. Ripoti ilitoka Mei 23, 1972, ikasema wazi kwamba Waafrika walio wengi wamekataa, na makubaliano yakafa.

Sehemu ya mwisho ya The Mutants ilionyeshwa Mei 13. Siku kumi kabla ya ripoti.

Waandishi hawakuwa wakiigiza tume hiyo, kazi yao ilikuwa imeshaandikwa. Ila weka mambo mawili haya kando kwa kando. Rhodesia mchunguzi kutoka ng'ambo anafika, na wakulima, walimu na wafanyakazi wa migodini wanasimama mbele yake na kumjibu. Solos mchunguzi kutoka ng'ambo anafika, na kesi inaendeshwa ndani ya Skybase kati ya Marshal, Daktari na maprofesa. Msolos wa kawaida haulizwi kitu. Mutt anapoingia chumbani Investigator anatishika, na Marshal anapata upenyo wa kupumua tena. Maandishi ya kale ya Wasolos wenyewe yanasomwa na nani? Na Daktari, akisaidiana na Profesa Sondergaard, binadamu mwema aliyejificha mapangoni. Yameletwa na nani? Na Mabwana wa Wakati, watu wa Daktari, kwa kisanduku. Ky amebeba urithi wa baba zake bila kujua kusoma, anangoja wageni wamsomee.

Na kisha anageuka. Ky anapita hatua ya mdudu kwa haraka, anatoka upande wa pili akiwa kiumbe cha nuru, anang'aa rangi za upinde wa mvua, anapita kwenye kuta, hasemi kwa mdomo. Anamtazama Marshal na Marshal anayeyuka. Kwa fedha za BBC ya wakati ule, picha ikibandikwa juu ya picha, ni jasiri. Wengine wanaicheka, mimi sikucheka. Nilichofanya ni kujiuliza maswali ya mwandishi wa habari wa dawati la siasa. Kesho asubuhi nani anaendesha mgodi? Watu wa Varan, waliompoteza chifu wao, watamkubali malaika huyu? Ardhi iliyounguzwa na roketi inalimwaje? Mabwana watalipa? Waandishi wamewapa Wasolos uhuru wa kibaiolojia, ambao hauhitaji chama, bajeti wala bunge. Waliojua kwa undani vile jinsi milki inavyokufa hawakuwa na picha yoyote ya wanaobaki wanaamka vipi siku ya pili.

Wakati kisa kinaonyeshwa, hapa bara hatukuwa hata na televisheni, ilikuja mwaka 1994. Zanzibar walitutangulia kwa miaka mingi tena kwa rangi. Baadhi ya nchi za Afrika zilinunua Doctor Who za zamani, na ndiyo maana mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa ambazo BBC wenyewe walizifuta zimekutwa katika kituo cha televisheni cha Jos, Nigeria. The Mutants ipo yote. Ilitoka kwa DVD mwaka 2011. Kama huna subira, angalia sehemu ya kwanza, ya nne na ya sita, katikati utaunganisha mwenyewe. Na kwenye DVD hiyo usiache filamu ya maelezo iliyoambatanishwa kuhusu waigizaji weusi katika televisheni ya Uingereza. Iangalie kwanza, halafu ndiyo umtazame Cotton.